Koti la Mvua la Mtani Wangu

Nimefukuzwa sehemu nyingi hapa Johannesburg. Nimefukuzwa na wenye nyumba, na mbwa wa wateja, na mlinzi wa duka la vipuri aliyeniona nimesimama muda mrefu mno mbele ya kompresa mpya akadhani naipigia hesabu. Lakini kufukuzwa msibani, tena nikiwa nimevaa koti la marehemu, kumenipata mara moja tu, Randburg, mwaka 2018, na mpaka leo nikisimulia damu inanichemka. Kwa sababu sikukosea. Nalisema mapema ili anayetafuta habari za mtu anayejuta asipoteze muda wake hapa.

Na kufukuzwa kwenyewe si kitu. Aliyenifukuza alikuwa binti wa marehemu, mgeni, ametoka kwao Ayalandi kuja kuzika, hanijui simjui. Kilichonikata maini ni baba yake. Mzee yule alikuwa rafiki yangu kwa miaka, na siku ile alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkono, akasema, "Asante sana kwa kuja." Kwa adabu kabisa. Nikaendesha gari kurudi Rosettenville bila kujua kama bado nina rafiki au sina, na sikulijua hilo kwa wiki nyingi.

Ili ueleweke uchungu wa adabu ile, lazima nieleze watu wenyewe walikuwa watu wa namna gani.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia. Mwaka 2015 nilipigiwa simu kutoka kwenye nyumba za pamoja kule Randburg, zile zenye geti moja na mlinzi na ukuta wenye nyaya za umeme juu. Kabla sijazima injini, alitoka mama mmoja mfupi, nywele nyeupe, akaizunguka bakki yangu, pikapu kuukuu, polepole, akapiga teke dogo gurudumu la mbele, akasema, "Tuliita fundi. Hatukujua kwamba na yeye anahitaji fundi."

Nikanuna. Mtu hujamlipa, hujampa hata maji, unamtukania gari! Nikatengeneza friji nimevuta mdomo, sikusema zaidi ya "kata umeme" na "washa umeme". Nilipomaliza nikafunga sanduku langu la vifaa niondoke. Mumewe, mzee mrefu aliyeinama kidogo, akaniambia niketi ninywe chai. Nikaketi kwa sababu sikupata njia ya kukataa.

Chai yao ilikuwa nzito hata maziwa yalipata shida kuibadilisha rangi. Na maongezi yao yalikuwa ya hali ya hewa. Nasema hali ya hewa, hapa Johannesburg, ambako kuanzia Mei mpaka Agosti mbingu haina hata kiwingu kimoja! Mzee alisimama dirishani, akaitazama mbingu ile ile ya jana na juzi, akasema, "Siku nzuri, lakini usiiamini." Mkewe akasema, "Hata mimi siiamini." Wakanigeukia nitoe maoni yangu. Nilikuwa na wateja wengine wawili wananingoja Soweto, nyama zinaoza.

Nilirudi kwao mara nyingi baada ya hapo, mwanzoni kwa friji, baadaye bila friji. Na ilinichukua muda kugundua sheria ya nyumba ile. Mama yule alimtukana kila mtu aliyempenda. Alimwita padri wake mvivu. Mlinzi wa getini, kijana wa Kirundi, aliambiwa na mama kwamba mwizi akija itabidi amwamshe mama kwanza ili wasaidiane kumwamsha mlinzi. Lakini palikuwa na jirani mmoja, mwenyekiti wa kamati ya nyumba zile, bwana wa kubandika matangazo ya makatazo kila ukuta. Huyo mama alimsalimia kwa sauti ya asali: habari za asubuhi, asante sana, una moyo mwema. Mama hakupenda hata kumwona. Mama akikusema, tulia, uko salama. Akianza kukuheshimu, jitafute.

Siku nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu barabarani mpaka robot, taa ya barabarani, ikawa kijani na watu nyuma yangu wakapiga honi. Kumbe ni utani! Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walitoka huku kusini wakipigana njia nzima, wakafika kwetu wakapigana na Wahehe mpaka pande zote mbili zikachoka, na zilipochoka zikawa watani. Mhehe anaweza kunivua kofia mbele ya wakwe zangu akaivaa, na sina pa kumshtaki. Mtani ni ndugu aliyepewa ruhusa ya kutokuwa na adabu. Nilimweleza mama yule jambo hili, akasikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo mnapigana kwanza, halafu ndiyo mnataniana?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi sisi na Waingereza tungekuwa watani."

"Bado hamjachoka," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile mimi nilikuwa mtani wake na yeye mtani wangu, na hakuna aliyenipinga nilipotangaza hivyo.

Tatizo ni kwamba pamoja na utani nilipewa furaha zao zote pia, na furaha zao zilinichosha. Mimi Jumapili nataka kulala, niamke nile, nilale tena. Mzee alitaka kutembea. Alikuwa na bwawa lake analolizunguka huko Randburg, na alilizunguka hasa mvua ikinyesha. Nilimwambia, mzee, mvua ya huku si mvua ya kwenu. Mvua yenu inamwagika taratibu kama mtu anayemwagilia bustani. Hii ya Johannesburg inakuja alasiri na radi, na radi ya hapa inaua watu kwenye viwanja vya gofu. Alinijibu, "Ni manyunyu tu." Mawe ya barafu yanatua kwenye paji lake la uso, ananiambia manyunyu! Na akiona ndege husimama. Ndege mdogo wa kahawia asiye na lolote, tunasimama naye chini ya radi, tunanong'ona, maji yanaingia kwenye viatu vyangu vya kanisani.

Mwezi wa saba, majani yameganda meupe asubuhi, mzee huyo anaogelea kwenye bwawa la pamoja pale nyumbani kwao. Mkewe alikaa ukingoni na taulo na koti lake la mvua la kijani, ambalo alilivaa misimu yote, akimwambia kwamba akifa ndani ya maji asitegemee kuvutwa na mtu, ataachwa hapo mpaka Septemba. Mzee alitoka midomo ya bluu, anatetemeka meno yanagongana, nami nikamuuliza maji yakoje. "Si mabaya," akasema.

Hilo neno nalo! Kwao hakuna kizuri. Chakula kitamu, "si kibaya". Mtoto amefaulu shule, "hakufanya vibaya". Walinipeleka kwenye uwanja ambapo Waayalandi wa Johannesburg hukutana kucheza mchezo wao wa fimbo. Kila mtu ameshika fimbo pana mwishoni, mpira ni mdogo na mgumu, na wanaupiga angani na ardhini na wakati mwingine, kwa maoni yangu, wanaupiga ndani ya mtu. Wakaniweka golini kwa sababu ya umbo langu. Mpira wa kwanza sikuuona. Wa pili niliuzuia kwa mfupa wa goti. Nilichechemea mwezi mzima, napanda ngazi za wateja na friji mgongoni, na sifa pekee niliyopewa na uwanja mzima ilikuwa kwamba sikuwa mbaya. Mama alisema ameona maboga yakidaka vizuri zaidi.

Mke wangu ni Mkongo wa Bukavu, ana saluni ndogo hapa Rosettenville, na ni mtu asiyependa mchezo kwenye chakula. Niliwaalika wazee wale kwetu. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki na ugali, akapanga mezani, na kwa sababu ameishi Johannesburg miaka mingi akafanya kosa la hapa la kuuliza wageni kama watakula. Wote wawili wakasema hapana, hapana, wameshiba, asijisumbue. Mke wangu akachukua sahani akarudisha jikoni. Wakakaa pale, wanatazama mlango wa jikoni, tumbo la mzee likinguruma mpaka mimi nikalisikia. Baadaye ndipo mama aliponieleza kwamba kwao mgeni hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, halafu ya tatu anakubali kwa shingo upande ili asikuvunje moyo.

"Mutu akisema hapana, ni hapana," mke wangu akasema nilipomwambia. "Minaweza kumubembeleza muzee muzima kama mutoto? Bakufe na njaa yabo." Lakini walipokuja tena hakuuliza kitu. Aliwapakulia, akasimama nyuma yao mpaka wakamaliza.

Niseme na jambo hili, maana bila hili mtu atauliza nilikuwa nawafuata kwa nini. Kulikuwa na siku za vurugu mtaani kwetu, nyumba zikachomwa, wageni tukajifungia ndani. Kila jioni mzee alinipigia simu. Hakuniuliza kama niko salama. Alinieleza habari za ndege aliowaona bwawani, na kwamba mwenyekiti amebandika tangazo jipya. Nilimfokea mke wangu baada ya kukata simu: mji unawaka moto, mtu ananieleza habari za ndege! Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Anapigaka kila siku saa ile ile. Anataka kusikia kama utaitika." Lakini niliendelea kukasirika, maana kama hilo ndilo alilotaka si angesema?

Hawasemi, watu wale. Hilo ndilo litakalonizeesha. Mambo madogo watayasema saa nzima, la moyoni wanalizunguka kama bwawa.

Mama aliugua mwaka 2018. Aliwatukana madaktari kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi nilipokwenda kumwona aliniambia nimenenepa, na kwamba ni dalili njema, angalau mtu mmoja anafaidika na ugonjwa wake. Alikufa mvua zilipoanza. Mzee alinipigia simu, akaniambia kuna mawingu mengi upande wa kaskazini, halafu akanyamaza, nikaelewa.

Sasa sikiliza. Kwetu mtani ana kazi msibani. Si mgeni wa kukaa kwenye kiti. Mtani hufika mapema, hubeba kuni, huchimba kaburi, hutafuta masufuria. Na watu wakizidiwa na kilio, mtani huvaa nguo za marehemu. Huvaa kofia yake, hutembea mwendo wake, hudai chakula alichokuwa akikipenda, humtukana mjane kwa sauti ile ile ya marehemu. Watu wanacheka, wanalia, wanamrushia hela, wanamfukuza, wanacheka tena. Ndiyo dawa. Msiba usio na mtani unakaa kifuani kwa watu miaka.

Basi nilifanya kazi yangu. Nilipakia friji zima kwenye bakki, zuri, nililokuwa nimelikarabati kwa ajili ya kuuza, nikawapelekea kwa ajili ya vinywaji kwa sababu lao lilikuwa dogo. Nikapanga viti. Nikamweka mlinzi wa Kirundi kwenye zamu ya kuegesha magari. Tulipotoka makaburini watu wakajaa nyumbani, Waayalandi wa mji mzima, chai na mikate iliyokatwa pembe tatu na pombe kali kidogo kidogo, na unajua walikuwa wanafanya nini? Wanacheka! Bwana mmoja mwenye uso mwekundu anasimulia jinsi marehemu alivyomsimamisha padri katikati ya mahubiri akamwambia ameshayasema hayo. Watu wanajifuta machozi ya kicheko. Nikasema moyoni, hapa nimefika nyumbani. Kilichopungua ni mtani tu, na mtani ni mimi.

Nikaenda jikoni. Koti lake la mvua lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kofia yake juu yake. Nikalivaa kwa nguvu, nikapandisha zipu, mikono ikanifika kwenye viwiko. Nikaegemea kushoto kidogo, kama alivyotembea tangu nyonga ilipoanza kumsumbua, nikabana midomo, nikaingia sebuleni mpaka mbele ya mzee. Nikamwambia kwa sauti ya mkewe, "Angalia tai ulivyoifunga. Sijakaa vizuri kaburini, tayari umevaa kama mtu aliyevalishwa gizani."

Kicheko kilikatika. Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Nikangoja mzee anitukane, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, mfiwa anamtukana mtani na mambo yanaendelea. Mzee aliinamisha kichwa akatazama zulia. Binti yao ndiye aliyepiga kelele. Toka! Vua koti la mama yangu, toka! Nikajaribu kulivua. Zipu ikagoma, imeuma kitambaa, na kadiri alivyonipigia kelele ndivyo vidole vyangu vilivyozidi kuwa vya mbao. Bwana mwenye uso mwekundu akanisaidia kuvuta, tukashindwa wawili. Mwishowe binti akasema ondoka nalo, ondoka tu, na ndipo mzee aliponisindikiza na ile adabu yake.

Hebu mtu anieleze. Kumsema marehemu ni sawa. Kumcheka marehemu ni sawa. Kumleta ndani ya chumba, hapo ndipo ninakuwa mshenzi?

Nilivuliwa koti lile Rosettenville, kwa koleo na sabuni. Mke wangu hakutaka lilale ndani. "Koti ya marehemu haiwezi kulala hapa. Uirudishe. Na weye unafikiriaka namna gani? Bazungu habajue ile mambo ya utani."

"Yule mama alijua."

"Alijua yeye. Uliwauliza bengine?"

Koti likalala kwenye bakki. Nikawa nazunguka nalo mji mzima, Soweto, Randburg, kila kona, liko kwenye kiti cha abiria limekunjwa. Na friji langu liko kwao. Kwetu watu wakikosana wanaitwa, wanawekwa kikao, kila mmoja anatoa la moyoni, anayetozwa kuku anatozwa kuku, kesho wanasalimiana. Mimi nilikuwa tayari kutozwa kuku ingawa sina kosa. Nilipiga simu. Mzee akapokea, akasema anashukuru nimepiga, hali ya hewa imepoa kidogo, nikae salama. Nikae salama! Hivyo ndivyo mkewe alivyozungumza na mwenyekiti.

Aliyenipa habari ni mlinzi wa Kirundi. Nilipita pale getini siku moja nikienda kwa mteja mwingine, akanikimbilia. "Muzee hatokake tena," akasema. "Jana mvua ilinyesha siku yote, niliangalia mulango wake, bure. Na yule binti analeta makaratasi ya kufungia vitu. Anamupeleka kwabo. Tiketi banashakata."

Nikakaa ndani ya gari nikapiga usukani. Mzee anaondoka. Anaondoka nchi, na ataondoka akiniambia asante kwa kuja. Nikafikiria kuiacha nyumba ile na watu wake wote na radi zao. Halafu nikafikiria friji langu, nikajiambia naenda kufuata friji.

Mvua ilikuwa inaanza nilipogonga, koti kwapani na kitoroli cha friji mkononi. Mzee alifungua mwenyewe. Amekonda, viatu vyake vikavu vimepangwa ukutani. "Karibu," akasema. "Habari za kazi? Ni wema wako kuja." Nikajua nimekwisha. Ndani palikuwa na maboksi kila mahali, mapazia yamefungwa, friji langu limefutwa vizuri limewekwa pembeni kama kitu cha watu. Binti alikuwa ghorofani, nilisikia utepe wa gundi ukivutwa kufunga maboksi.

Nikaweka koti juu ya kiti. Uvumilivu ukaniishia hapo hapo.

"Mzee," nikasema, "kama umenichukia niambie umenichukia. Kama nimewatia aibu, niambie nimewatia aibu. Nitukane, kwa jina la Mungu. Mimi sikuja kwenye nyumba hii miaka yote hii kwa ajili ya chai."

Akatazama dirisha lililofungwa pazia. "Naona imegeuka kuwa mvua," akasema.

Eish! Nikashika kitoroli changu, nikaliinamisha friji, nikaanza kulivuta kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimefika kwenye kizingiti, nahema, nimewakasirikia Waayalandi wote waliozaliwa, niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Ulisema nini kuhusu tai?"

"Tai gani?"

"Siku ile. Tai yangu."

Nikamwambia sitaki kurudia, nimeshafukuzwa mara moja inatosha. Akakaa kwenye boksi. Alizungumza akiitazama mikono yake.

"Nimeanza kuisahau sauti yake," akasema. "Napiga simu yake nisikie, anayejibu ni mashine ya kampuni. Picha zipo, sauti hakuna. Nyumba nzima sauti hakuna. Siku ile uliposimama pale mbele yangu niliisikia. Nikaogopa kwamba nikifungua mdomo nitamjibu, mbele za watu wote wale." Akalitazama koti pale kitini. "Unaweza kumleta tena?"

Mimi nimefanya utani misiba mingi, nyumbani na hapa, na sijawahi kuombwa. Mtani haombwi. Nilisimama na friji langu limeinama, maji ya mvua yananiingia mgongoni kwa mlango uliokuwa wazi. Nikalisimamisha friji. Nikavaa koti, nikaegemea kushoto. Nikayatazama yale mapazia.

"Mchana kweupe mapazia yamefungwa," nikasema kwa sauti ya mama. "Nani amekufa humu ndani?"

Mzee aliinua kichwa. Hakunitazama mimi, alitazama koti.

"Wewe," akasema.

"Na wewe ndiyo umekaa unafanya nini?"

"Tulikubaliana nitangulie mimi," akasema mzee. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama siku zile anatoka majini. "Ulinikubalia. Tulikubaliana."

Nilihisi machozi yananijia, na mtani hatakiwi kulia, akilia kazi imeharibika. "Tulikubaliana," nikamjibu, "lakini ningekaa kukungoja wewe ujiandae, kaburi lingeota nyasi."

Kwanza nilidhani amepaliwa. Akaushika ukingo wa boksi kwa mikono miwili, mabega yanapanda yanashuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa kicheko na kitu kingine humo humo. Akamtukana. Akamwita mwanamke mkaidi, akamwambia hata kufa amekufa kwa ubishi, akamwambia mengine ambayo si yangu kuyaandika. Nami nikamjibu kila moja, sikumwacha apumue.

Ndipo nilipoona kwamba utepe wa gundi umenyamaza juu. Binti alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkono kwenye ukuta. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nikajua yanayofuata. Nikaanza kutafuta zipu nilivue kabla hajaniambia, na mzee naye akajifuta uso kwa kiganja.

Hakupiga kelele. Alishuka ngazi mbili, akaketi, akakumbatia magoti yake kama mtoto mdogo, mwanamke yule mzima. Akalitazama koti muda mrefu.

"Na mimi?" akaniambia. "Mwambie mama aniseme na mimi."

Nikaiacha zipu, nikaegemea kushoto, nikamgeukia.